Kasha la disiki za papa



Kila wiki katika gazeti letu hili tunasoma juu ya afya ya watoto, juu ya likelemba, juu ya mashamba na juu ya ndugu zetu waliokimbia vita. Leo tunaomba nafasi tusimulie jambo ambalo wengine wataona ni la ajabu: disiki za zamani. Tunasema zile sahani kubwa nyeusi za muziki zilizozunguka juu ya turnedisiki, ambazo majirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaziita santuri. Vijana wengi wa leo hawajaziona hata mara moja.

Tunaposema "sisi", ni sisi wasichana watatu wa mama mmoja, tuliokulia hapa Bunia. Wa kwanza, ambaye anashika kalamu hii, ni mwalimu wa shule. Wa pili anauza vitenge sokoni. Wa tatu, kitindamimba, anasoma uuguzi. Mama ametupa ruhusa ya kusimulia yote, ila majina ya watu wa jamaa yabaki nyumbani.

Kasha hili liliingia katika jamaa yetu kwa njia ya babu, baba yake papa. Yeye alikuwa karani katika duka la mfanyabiashara mmoja Mzungu hapa mjini. Wakati ule Bunia ilikuwa na Wagiriki, Wabelgiji na wengine waliouza vitambaa, misumari, sabuni na samaki wa chumvi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Ndiyo ile tunayoisoma katika historia kwa jina la zairianizasyo. Maduka mengi yalibadili mwenyewe, na wageni wengi walifunga mizigo. Yule tajiri wa babu alikuwa na kijana aliyesoma Ulaya, na kila likizo kijana alirudi na disiki mpya. Walipoondoka, mizigo ilikuwa mingi kuliko nafasi. Kijana akamwambia babu: "Chukua hizi, usizitupe." Babu hakuwa na turnedisiki. Alizichukua kwa heshima tu, akaziweka chini ya kitanda.

Papa alikuwa kijana wakati ule. Alipoanza kupata mshahara wake, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa turnedisiki ndogo ya batri, na kitu cha pili kilikuwa disiki za kwetu. Akazipanga pamoja na zile za Wazungu katika kasha moja la mbao lililokuwa la sabuni. Sisi tulipopata akili, kasha lilikuwa limejaa.

Jumamosi jioni ilikuwa saa ya disiki. Tulinawa mikono kwanza, kwa sababu papa hakukubali mtu aguse disiki na mafuta ya sombe kwenye vidole. Alishika disiki kwa ukingo, akaipuliza, akaiweka, akashusha sindano polepole. Mama aliacha jiko akakaa mlangoni. Majirani waliingia pasipo kualikwa, na kila mmoja alipewa kiti au mkeka.

Disiki za kwetu tulizijua sote. Zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na wimbo uliokatwa katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Mkicheza upande wa kwanza tu, mnabaki na njaa. Kulikuwa na Franco na T.P. OK Jazz, kulikuwa na Tabu Ley Rochereau, ambaye mwaka 1970 aliimba katika ukumbi wa Olympia kule Paris. Lakini disiki ambayo mama aliiomba kila mara ilikuwa ya Abeti Masikini.

Tuseme kidogo juu ya Abeti, maana wasichana wetu wanapaswa kumjua. Alizaliwa Kisangani mwaka 1954. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa rafiki wa siasa wa Lumumba na mkuu wa kwanza wa serikali ya Province Orientale, jimbo ambalo Ituri yetu ilikuwa ndani yake hadi 2015. Mwaka 1961 aliuawa Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi. Mtoto wake alikuwa bado mdogo. Yule yatima wa Kisangani alikua, akaimba, na mwaka 1973 akasimama Olympia, na mwaka uliofuata akaimba Carnegie Hall kule New York. Alifariki 1994, hajafika hata miaka 40. Papa alituambia habari hii mara nyingi, akimalizia kwa maneno yaleyale: "Msichana kutoka kwetu." Hakuwa na mtoto wa kiume, na watu walimcheka. Sisi tulifahamu baadaye kwa nini alipenda kusimulia.

Disiki za Wazungu zilikuwa jambo lingine. Ulikuwa muziki wa roki wa miaka ile, lakini siyo wa kucheza. Wimbo mmoja ulianza taratibu kama wa kanisani, ukageuka kelele, ukanyamaza, ukarudi na filimbi. Mama alisema: "Hawa watu hawajui wimbo wao unakwenda wapi." Papa alijibu kwamba na sisi rumba yetu inabadilika katikati, sebene inapoingia, isipokuwa Wazungu hawa wana sebene nne na hakuna hata moja ya kuchezwa. Tuliokumbuka sana siyo sauti, ni picha za majalada. Kwetu watoto yalikuwa kama vitabu.

Lile la kwanza lilikuwa na uso wa mtu, mwekundu na buluu, kinywa wazi, macho yametoka, analia au anapiga kelele kwa hofu. Lilijaa jalada zima bila herufi hata moja. Tulilikimbia. Ilikuwa disiki ya King Crimson, kundi la Uingereza, ya mwaka 1969. Aliyechora uso ule alikuwa kijana, Barry Godber, na alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 24.

Lile la pili lilikuwa gazeti. Ndiyo, jalada lake lilikuwa gazeti kamili la kurasa 12, lenye habari za mji mdogo wa kubuniwa, matangazo na michezo. Lilikuwa la Jethro Tull, la mwaka 1972, na disiki yote, pande mbili, ni wimbo mmoja tu wa dakika zaidi ya 40. Papa alitumia gazeti lile kutufundisha herufi za Kiingereza.

Lile la tatu ndilo lililotupendeza sana. Halikuwa la pembe nne kama mengine. Lilikatwa kwa umbo la chungu cha udongo cha kutunzia pesa, chenye tundu la kuingizia sarafu, na kwenye tundu kulikuwa na kipande cha karatasi chenye picha za wanamuziki ambacho unaweza kukivuta. Lilikuwa la kundi la Roma, Italia, la mwaka 1972, na jina lake refu hatukulijua maana: Banco del Mutuo Soccorso. Sisi tuliliita "chungu".

Halafu vita ikaja. Mwezi wa tano 2003, askari wa Uganda walipoondoka Bunia, mji uligeuka uwanja wa mapigano. Wenye umri wetu hawahitaji kuelezwa. Kabla ya majeshi ya Ulaya kufika mwezi wa sita kwa ile kazi iliyoitwa Artemis, watu maelfu walikuwa tayari wamechukua barabara ya Komanda kuelekea Beni, kwa miguu. Na sisi tulikuwa kati yao. Mkubwa wetu alikuwa na miaka 15, mdogo alikuwa na miwili, mgongoni kwa mama.

Usiku wa mwisho papa alichimba shimo chini ya jiko, pale ambapo majivu yangeficha udongo mpya. Tulidhani anazika sufuria na cherehani. Alizika kasha la disiki. Mama alikasirika sana. Alisema: "Watu wanazika mali, wewe unazika nyimbo?" Papa hakujibu. Mama akasimama kidogo, kisha akaleta karatasi zetu: cheti cha ndoa yao, vyeti vyetu vya kuzaliwa, diplomu ya papa, na karatasi za kiwanja. Alivuta jalada la chungu, akatia karatasi zote ndani, akazungusha plastiki mara nyingi, akasema: "Kama ni kutunza, basi kitunze na hivi." Wakafunika kwa shitingi na udongo, wakawasha moto juu yake.

Tulirudi baada ya miezi minane. Mlango haukuwapo, bati zilikuwa zimeng'olewa upande mmoja, vitanda, viti, cherehani, vyote vimekwenda. Turnedisiki vilevile. Lakini chini ya jiko kasha lilikuwapo. Maji yaliingia kwa chini na mchwa walikula majalada ya upande mmoja. Disiki zenyewe mchwa hawazili. Chungu, kwa sababu ya plastiki, kilikuwa kizima, na karatasi ndani yake zilikuwa kavu.

Papa alifariki mwaka 2011, kwa ugonjwa, kitandani mwake. Tunamshukuru Mungu kwamba haikuwa kwa risasi. Baada ya matanga, ndugu zake walikuja kwa kikao. Wamama, wengi wenu mnakijua kikao hicho. Walisema marehemu hakuacha mtoto mwanaume, kwa hiyo mali inarudi kwenye ukoo. Walichukua pikipiki, radio kubwa, viti vya salo na baiskeli. Walifungua kasha, wakaona ule uso mwekundu, wakacheka, wakasema: "Haya takataka ya Wazungu mbaki nayo." Mama hakusema neno. Alikuwa na nguo nyeusi na watoto watatu. Alijua tu kwamba asipopiga kelele wataacha nyumba, na nyumba waliiacha.

Kwa miaka kumi kasha lilikaa bila kuguswa. Hatukuwa na kitu cha kuzichezesha, na hata kama tungekuwa nacho, hatujui kama tungeweza kusikiliza. Ilikuwa kitindamimba aliyerudisha jambo. Mwezi wa kumi na mbili 2021 tulisikia redioni kwamba UNESCO imeandika rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville, katika urithi wa dunia. Yeye akauliza: "Kama rumba ni urithi wa dunia, ile iliyo chini ya kitanda chetu ni urithi wa nani?" Hakumkumbuka papa akicheza disiki. Alikuwa mdogo. Alitaka kusikia.

Tukaanza kazi. Tunaandika hapa namna tulivyofanya, labda na ninyi mna disiki za mzee mahali fulani. Usifute disiki kwa kitambaa kikavu, vumbi litakwaruza. Tulitumia maji safi ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, kitambaa laini cha pamba, tukifuata mzunguko wa mifereji, siyo kukata katikati. Karatasi ya katikati yenye maandishi isilowe. Suuza, simamisha kivulini ikauke. Usizilaze moja juu ya nyingine, maana uzito unazipinda. Zisimamishe kama vitabu. Na jua ni adui: disiki ikiachwa juani saa moja tu inageuka kama chapati iliyokosewa.

Turnedisiki tuliipata kwa mzee mmoja fundi wa radio, imekufa. Akaifufua kwa mkanda mpya wa mpira, na sindano tuliagiza Kampala. Umeme tulitumia batri ya pano ya jua. Jumamosi moja jioni tulinawa mikono, kama zamani, tukaweka Abeti. Sauti ilikuwa na mchirizo kama ya kukaanga mafuta, lakini ilitoka. Mama alikaa mlangoni, mahali pake palepale. Kitindamimba alimtazama yeye, hakutazama mashine. Hatutasema zaidi juu ya jioni ile.

Mmoja wetu alibeba disiki moja iliyopasuka hadi darasani. Aliwaonyesha wanafunzi wa darasa la sita kwamba upande mmoja una mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, na kwamba sindano inatikisika ndani ya mfereji, na kutikisika huko ndiko sauti. Walihesabu mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika mara dakika 20, wakapata zaidi ya 660. Ni somo la hesabu ambalo hawajalisahau.

Kisha jirani mmoja mpya alikuja. Alikuwa mama aliyekimbia kutoka Djugu, anayekaa kwa muda kwa ndugu zake karibu nasi. Aliona lile jalada la uso mwekundu, nusu limeliwa na mchwa, tumelisimamisha ukutani likauke. Sisi tulianza kuomba radhi, tukidhani litamtisha. Yeye aliliangalia muda mrefu, akasema: "Huyu ameona." Hakusema ameona nini. Baadaye tulisoma kwamba wimbo wa kwanza wa disiki ile unasema juu ya vita vya Vietnam. Yule kijana mchoraji hakujua kwamba kuna mahali panaitwa Djugu. Lakini tangu siku ile hatujaucheka tena uso ule.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwaka uliofuata, minervali ya kitindamimba ilitushinda. Biashara ya vitenge ilikuwa imelala kwa sababu barabara zilifungwa mara kwa mara, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Binamu yetu aliye Kampala alitutumia ujumbe: kuna mtu pale anayenunua disiki za zamani za roki za Ulaya kwa ajili ya watu wanaozikusanya. Tulituma picha za zile tatu. Jibu likaja: dola 400 kwa zote tatu.

Habari ya pesa haina miguu lakini inakimbia. Kabla ya wiki kuisha, papa mdogo alikuwa mlangoni. Alikaa, akanywa chai, akasema kwa upole: "Yale mambo ya kaka yangu niliyowaachia, nimekuja kuyachukua."

Tulinyamaza. Tulilelewa kutomjibu papa mdogo. Na tuseme ukweli, kati yetu wenyewe hakukuwa na umoja. Wa pili alitaka tuuze haraka tumalize maneno. Wa kwanza alitaka tusiuze kabisa, kwa sababu ya mikono ya papa. Kitindamimba alilia, akasema heri aache masomo kuliko disiki za papa ziondoke kwa ajili yake. Tulikosana siku tatu katika nyumba moja.

Mama ndiye aliyesimama. Alipeleka jambo kwenye kikundi chake cha akiba, wale wamama wenye sanduku la kufuli tatu. Mmoja wao alijua avoka anayesaidia wajane, na avoka alikuja siku ya kikao cha jamaa. Hakufoka. Alisoma tu. Kanuni ya jamaa ya nchi yetu ni ya mwaka 1987, ikasahihishwa 2016. Inasema watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na haitenganishi mvulana na msichana. Wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba walimoishi na kutumia vyombo vya nyumba hiyo.

Papa mdogo aliuliza: "Nani anajua kama ndoa hiyo iliandikwa?" Ni swali la hatari, wamama, kwa sababu haki ya mjane inasimama juu ya ndoa iliyoandikwa. Mama aliingia chumbani akatoka na chungu. Alivuta kipande cha picha za Waitalia, akaingiza vidole, akatoa cheti cha ndoa. Karatasi ilikuwa na harufu ya moshi. Avoka aliisoma, akampa papa mdogo aisome mwenyewe.

Hatusemi kwamba papa mdogo hakuwa na haki yoyote. Alikuwa na sehemu yake ndogo katika ile robo. Lakini pikipiki, radio, viti na baiskeli vilikuwa vimepita sehemu hiyo zamani, naye alijua. Alikaa kimya, kisha akasema: "Nilidhani ni takataka." Mama akamjibu: "Hata mimi, shemeji. Nilimkasirikia siku anazika." Wakacheka wote wawili, na hapo kikao kikaisha. Anakuja bado Jumamosi nyingine kusikiliza Franco. Anapenda "Mario", ile ya 1985 ya kijana anayekula pesa za mwanamke, na hatumwulizi kwa nini.

Kuhusu kuuza, tulijifunza kwamba wakusanyaji ni watu wa kuchungulia. Wanatazama mikwaruzo, wanasoma namba zilizochongwa karibu na katikati, wanauliza rangi ya karatasi ya katikati, maana inaonyesha kama disiki ni ya toleo la kwanza. Yetu ya uso mwekundu ilikuwa na ile karatasi ya rangi ya waridi wanayoitafuta. Lakini jalada ni sehemu kubwa ya bei, na jalada letu lilikuwa chakula cha mchwa. Alipoona picha za karibu, mnunuzi alishusha. Mwisho alitoa dola 160 kwa mbili, uso na gazeti. Kwa chungu alitaka kuongeza 150 nyingine, kwa sababu kilikuwa kizima.

Siku ile mtawa mmoja aliyesoma Italia alikuwa kwenye kikundi cha mama, na mama alichukua chungu kuwaonyesha. Mtawa alisoma jina kubwa, akaanza kucheka hadi machozi. Akawafasiria: Banco del Mutuo Soccorso maana yake ni benki ya kusaidiana. Wamama walipiga vigelegele. Walikuwa wamekaa pale, sanduku la kufuli tatu katikati, wakihesabu akiba ya wiki. Mama akasema: "Basi hiki hakiendi Kampala."

Tuliuza zile mbili. Tulizisikiliza mara ya mwisho, pande zote, hata kelele zake, tukapiga picha majalada na karatasi za katikati. Pesa iliyobaki ya minervali mama alikopa kwenye sanduku la kikundi, na tulirudisha kwa miezi minane, pamoja na faida yake. Kitindamimba sasa yuko mwaka wa mwisho, anafanya stazhi.

Wamama wapenzi, mambo matatu tumejifunza, nasi tunayaacha kwenu.

La kwanza: andikisheni ndoa zenu kwenye ofisi ya hali ya raia ya komini, na watoto wenu ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, maana ndani ya muda huo ni bure. Mahari na baraka ni vizuri, lakini siku ya kikao karatasi ndiyo inayosema.

La pili: karatasi hizo zitieni kwenye plastiki, mahali ambapo ninyi na mtoto mmoja mkubwa mnapajua, na mzipige picha kwenye simu. Sisi tulisaidiwa na shimo la papa na hasira ya mama. Si kila nyumba itapata bahati hiyo.

La tatu: jueni kilichomo nyumbani. Ulizeni wazee wangali hai: hiki kilitoka wapi, nani alikupa, kwa nini umekitunza? Tungemwuliza papa mapema, tungejua mambo mengi ambayo sasa tunayakisia tu.

Kasha liko bado chini ya kitanda cha mama, limesimamishwa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Abeti yumo, Franco yumo, Rochereau yumo. Chungu kiko juu ya kabati, na cheti cha ndoa kimerudi ndani yake. Jumamosi jioni, kama hakuna milio na jua la mchana lilijaza batri, mlango uko wazi. Njooni. Naweni mikono tu.